Disco Imewasha Taa Tatu? Pima Kabla Utoe Doo

Kanairo iko na njia moja ya kukaa umeomoka kabla uomoke: chukua Land Rover Discovery 2. Dinga imesimama wima, spea imedungwa kwa mlango wa nyuma, keria iko juu, na mbogi ya wasee saba inaingia na tenti, sufuria na spika bila kukaliana. Ukifika Kilimani soja anafungua geti kabla upige honi. Halafu unaskia bei yenye inauzwa nayo, unashindwa ka ni gari inauzwa ama ni mwenyewe anahepa nchi.

Geuza ufunguo utajua anahepa nini. Kwa dashi zinawaka taa tatu za machungwa: ABS, TC na HDC. Ngoja zizime. Hazizimi. Wasee wa Land Rover dunia mzima huziita Three Amigos, juu hizo taa hukuja pamoja na huishia pamoja. Ukizitaja Grogan, kila fundi ako na jibu yake: mmoja anadai habu, mwingine modyuleta, mwingine anakuambia utoe balbu ulale fiti. Hakuna hata mmoja amepima kitu.

Na hapo ndio risto yangu iko. Taa haikuambii ni nini imekufa. Inakuambia tu kompyuta imeona kitu haielewi, ikaamua kujitoa kwa kazi. Mara mob kitu yenye imeiwasha ni ndogo kuliko uoga yenye imeleta, na ni huo uoga ndio umeshusha bei ya gari. Msee mwenye amejua kupima anaendesha Land Rover. Mwenye anabahatisha analipia fundi fees ya watoi.

Hizo taa zinalinda nini

Disco 2 ilitoka 1998, ikaachwa kuundwa 2004. Kenya nayo hairuhusu uingize gari yenye imepitisha miaka 8, so hakuna Disco 2 fresh inashuka meli Mombasa sai. Zenye unaona barabarani zimezeekea hapa hapa. Zimekula vumbi ya Kajiado, zimeoshwa na pampu ya presha kila wikendi, zimechomelewa bampa na mbavu za chuma, na kila mwenye amewahi kuwa nazo ameguza waya akaacha alama.

Sasa cheki vile system inafanya. Kila tairi iko na sensa, na karibu na sensa kuna ringi ya chuma yenye meno inazunguka na habu. Ndani ya sensa ni sumaku na koili tu. Jino likipita, sensa inatoa kastima kadogo. Kompyuta inaitwa SLABS, imefichwa nyuma ya glavu boksi, na kazi yake ni kulinganisha hizo tairi nne bila kupumzika. Ukikanyaga breki na tairi moja isimame ghafla kama zingine bado zinazunguka, SLABS inajua hiyo imeloki. Inaambia modyuleta iachilie presha, ishike, iachilie tena, mbio mbio mpaka unaskia pedali ikitetemeka chini ya mguu. Hiyo ndio ABS.

TC inatumia sensa zile zile kufanya kinyume. Tairi ikizunguka bure kwa matope, inapigwa breki ndio nguvu irudi kwa tairi yenye imeshika chini. HDC nayo ni ya kushuka: ukiwa low kwa mteremko mbaya, gari inajishikilia breki yenyewe. Sensa ni za pamoja, modyuleta ni moja, kompyuta ni moja. Kitu moja ikikosa, zote tatu zinaenda nyumbani.

Na hii ndio sehemu wasee wengi hawajui. Land Rover walipoleta Disco 2 walitoa lever ya difloki ya katikati, juu waliamini TC itafanya hiyo wera. Lever ilikuja kurudi mwishoni mwishoni. So Disco nyingi mtaani hazina lever ya kushika difloki, na TC ikilala hazina kitu. Tairi moja ikiteleza kwa black cotton ya Kitengela, nguvu yote inaishia hapo hapo. Unabaki umesimama na gari ya tani mbili na Probox ya kubeba maziwa inakupita ikipiga honi. Kwa hivyo usidanganyike ati hizo ni taa za breki pekee. Ukiwa na plani ya Suswa mvua ikinyesha, hizo ndio taa za kukutoa huko.

Nyekundu na machungwa si kitu moja

Kabla uguze spana, jua ka gari inafaa kutembea.

Machungwa pekee inamaanisha breki zako za kawaida ziko, ile akili ya juu ndio imetoka. Endesha, lakini acha nafasi kubwa mbele, na barabara ikiwa maji usikanyage ukidhani pedali itakusaidia.

Nyekundu pekee, cheki handibreki, halafu fungua boneti ucheki mafuta ya breki. Ikiwa chini, pedi zimeisha ama kuna mahali inavuja. Hiyo si mambo ya sensa na usisonge nayo.

Nyekundu na machungwa pamoja, hapo ni ngori. Inaeza kuwa ile EBD yenye inagawanya presha kati ya mbele na nyuma pia imezima. Tairi za nyuma zinaeza loki kwanza, na nyuma ikikuhepa pale Kona Baridi ukishuka Magadi hautapewa nafasi ya pili. Enda pole pole mpaka kwa fundi, na uende bila mbogi.

Taa iko na tabia, isome

Kitu ya kwanza ya kupima ni bure: cheki taa inawaka saa ngapi.

Ukiwasha gari na zikose kuzima hata kidogo, mara nyingi ni shida ya stima: waya umekatika, konekta imeoza, ama ile swichi ya ndani ya modyuleta, tutaifikia. Zikizima vizuri halafu ziwake ukishashika mwendo kidogo, kuna sensa yenye kompyuta inaita na haiitikii. Zikiwaka kila ukikanyaga breki, shuku swichi ya pedali ama hizo za modyuleta. Zikiwaka ukikata kona ama ukipita matuta, shuku beringi yenye imeanza kucheza, juu habu ikicheza ringi inasonga mbali na sensa.

Kuna nyingine ya ujanja. Unaegesha pole pole, gari karibu isimame, na pedali inatetemeka kama umekanyaga breki ya dharura. Hiyo ni sensa moja dhaifu. Mwendo ukishuka kastima yake inapotea kabla ya zingine, SLABS inadhani tairi imeloki, inaachilia presha. Ukiskia hivyo, usingoje taa.

Andika hizo tabia kwa simu. Fundi mpoa atakuuliza, na mwenye hataki kuuliza ameshaamua atakuuzia nini.

Vitu za bure kwanza

Betri. Gari ya miaka kama hii ikiwa na betri imechoka ama terminali zimejaa ule unga mweupe, kompyuta zinapata volti kidogo na zinaanza kulia ovyo. Pima asubuhi kabla uwashe: betri ya afya inakaa karibu volti 12.6. Ukiwasha, alteneta inafaa kuipandisha kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki chini, sort hiyo kwanza, uone ka mabeste watatu watahama wenyewe.

Fyuzi. Toa, angalia, na upime na multimita juu fyuzi inaeza kaa fiti kwa macho na imekufa.

Taa za breki. Muite msee asimame nyuma ukanyage. Swichi ya pedali kwa Disco 2 ni ndogo na ya bei ya kawaida, na inajulikana kuwasha taa zote tatu ikianza kuchoka.

Tairi. Usichanganye saizi. Tairi ndogo inazunguka mara mob kuliko kubwa, na SLABS inahesabu. Ukiweka mtumba mbili za kipara na mbili kubwa za matope, umeipea kompyuta hesabu haiwezani.

Maji. Sanrufu za Disco zinajulikana kwa kuvuja, na maji hushuka kwa nguzo mpaka kwa kapeti ya mbele. Guza kapeti upande wa glavu boksi. Ikiwa mbichi, anza hapo, juu kompyuta yako inakaa karibu na hayo maji.

Na ukienda kuchomelewa bampa, toa waya za betri kabla fundi awashe welding. Hiyo stima ikipita kwa kompyuta ya gari, hutapata wa kulaumu.

Luthuli kabla ya Grogan

Sasa tuingie kwa multimita. Panda Luthuli, nunua ya kawaida tu, yenye inasoma ohm na volti. Itagharimu kidogo sana ukilinganisha na habu moja, na kwa Disco 2 hiyo tofauti ni muhimu, juu habu huja na beringi na ringi ndani yake. Ukidanganywa habu ni mbaya, umedanganywa pesa nzito.

Kuna siku nilikuwa kwa yadi fulani Indaa, dem akaingia na Disco ya kijani. Ameambiwa kwingine atafute habu mbili za nyuma. Fundi wa hapo ni mzee wa mvi, ovaroli imeiva oili, miwani imefungwa na uzi.

"Mzee, nimekuja na bei ya habu, uniambie ka ni ya ukweli."

"Mama, bei ya habu tutaongea tukijua ni habu. Zima gari."

Akatandika katoni chini. Akaanza mbele, konekta za sensa za mbele ziko ndani ya boneti so hakulala kwanza. Akachomoa, akaweka multimita kwa ohm, akadunga pini mbili. Ikasoma elfu moja na kidogo. Upande wa pili, karibu the same. Akaingia chini nyuma: kushoto, elfu moja na kidogo. Kulia, multimita ikakataa kabisa. Hakuna namba, waya umekatika mahali.

Hakusema habu. Alifuata waya na vidole, pole pole, inchi kwa inchi, kutoka konekta kuelekea tairi. Mahali waya unapita karibu na mkono wa saspenshoni klipu ilikuwa imetoka, na mpira wa waya ulikuwa umesuguliwa mpaka shaba ikaonekana, imegeuka kijani. Akavuta kidogo, ikaachana mkononi.

"Habu yako hii hapa," akamshow dem, ameshika kawaya ka urefu wa kidole.

Akakata sehemu mbovu, akapima tena kutoka upande wa sensa: elfu moja na kidogo, sensa iko hai. Akaunga na solda, akavalisha ule mpira wa kubana na moto, akafunga waya mbali na chuma yenye inasonga. Hakuzungusha selotepu akaita kazi, na hapo ndio unajua fundi. Kiungo cha selotepu kinaingiza maji, na sensa inatoa kastima kadogo sana kwamba kutu kidogo inatosha kuimeza.

Halafu akainua tairi na jeki, akageuza multimita kwa volti za AC, akamwambia kijana wake azungushe kwa mkono. Namba ikapanda na kushuka na mzunguko. Akafanya zote nne, juu ujanja ni kulinganisha: tatu zikisoma karibu sawa na moja ikisoma nusu, hiyo ya nusu ndio shida hata ka ohm zake ziko sawa.

Mwisho akashika tairi juu na chini, mahali pa saa kumi na mbili na saa sita, akaisukuma na kuivuta. Ikilia ama ikicheza, hapo ndio unaanza kubonga mambo ya habu. Ya dem haikucheza. Alilipa leba na waya.

Skana ya ukweli na ya kujifurahisha

Kale kaskana ka Bluetooth kenye kila mtu ako nako hakataguza ABS ya Disco 2. Kakibahatika katasoma injini, basi. Unahitaji mashine yenye inaongea lugha ya Land Rover, ka Nanocom ama Hawkeye. Si lazima ununue. Wasee wa Land Rover wako na vikundi vyao na huko hakukosi mwenye ako nayo, ama tafuta fundi mwenye amejikita kwa hizi gari.

Ukishaipata, usisome mara moja ukimbie kununua. Kompyuta huhifadhi makosa ya zamani, hata yenye yalisortiwa na mwenye gari wa kwanza. Soma, piga picha, futa, endesha mpaka taa zirudi, usome tena. Yenye imerudi ndio ya leo. Na mashine ikisema "sensa ya nyuma kulia," haijasema ununue sensa. Imesema kwa hiyo kona kuna tatizo: sensa, waya, konekta, ringi ama beringi. Multimita ndio itachagua.

Ile ya ndani ya modyuleta

Ka sensa zote nne ni safi na taa bado ziko, nenda kwa ugonjwa maarufu wa Disco 2. Ndani ya modyuleta kuna swichi mbili ndogo zenye zinaambia kompyuta presha ya breki imefika. Hapo ndani, kiungo cha stima hupasuka na miaka, na swichi zenyewe huchoka.

Kupima ni dakika chache. Gari ikiwa imezimwa, chomoa konekta ndogo ya waya mbili kwa modyuleta, weka multimita kwa ohm. Bila kukanyaga breki inafaa kusoma karibu 3,000. Msee akikanyaga pedali kwa nguvu, ishuke karibu 1,000. Ikishuka ikagota kwa 2,000, swichi moja imelala. Ikirukaruka ama isisome kabisa, kiungo kimepasuka.

Hapa ndio wasee huuziwa modyuleta mzima ya kutolewa kwa gari ya ajali. Usikubali kabla ujue kuna kit ya swichi peke yake, Land Rover wenyewe waliitoa, namba SWO500030. Mafundi wengine huongeza ujanja wa kupitisha waya mpya nje, kutoka kwa swichi moja kwa moja hadi konekta, waruke kile kiungo cha ndani chenye hupasuka. Kazi inataka mikono safi juu unafanya karibu na paipu za breki. Paipu ikifunguliwa lazima hewa itolewe kwa breki kabla gari itoke kwa yadi, na hiyo usiruhusu mtu akwambie mtafanya kesho.

Zikiwaka mko safari

Mko njia ya Suswa, mvua imeshuka, taa zimewaka. Simama, zima, hesabu kidogo, washa tena. Zikipotea ni kitu cha kuguzana, endelea na uiweke akilini. Zikirudi, cheki matope kwa waya nyuma ya tairi, saa zingine mwiba ama jiwe ndio limevuta.

Ukikwama na TC haipo, kuna ujanja wa wazee: tairi ikizunguka bure, kanyaga breki kidogo tu na mguu wa kushoto ukiendelea na mafuta pole pole. Unafanya kwa mguu kile kompyuta ilikataa kufanya, na nguvu kidogo inaenda upande wenye umeshika. Ni rahisi kwa otomatiki kuliko manyu, na usikazane mpaka breki zinuke.

Kwa changarawe bila ABS, ukikanyaga tairi ziloki na usukani ukatae, achilia kidogo uanze kuskia usukani tena, kisha kanyaga upya. Gari iliyoloki haipindi.

Ukienda kununua

Usiulize muuzaji ka ABS iko. Geuza ufunguo bila kuwasha injini, hesabu taa. Zote tatu lazima ziwake kwanza, ndio zizime. Ka hujaona hata moja ikiwaka, kuna mtu ametoa balbu, na kwa hiyo kuna kitu kingine pia ameficha. Endesha, kata kona kushoto na kulia, pita matuta, tafuta mahali wazi pa changarawe pasipo na watu, kanyaga breki kwa nguvu uskie pedali ikitetemeka. Kisha toa multimita kwa bagi. Muuzaji akikataa usiguze konekta zake, rudi kwa matatu.

Akikubali, pima zote nne na modyuleta. Akianza kulia ati bei tayari ameshusha juu ya habu, skiza kwa heshima, itikia na kichwa. Na ka wewe umeshaona ni kawaya tu kamesuguliwa nyuma kulia, hiyo habari kaa nayo mpaka dinga isome jina lako NTSA.